Bua la Papai na Sauti ya Mujukuu Wangu

Mujukuu wangu ni muntu wa kwanza wa ukoo wetu kusimama mbele ya ubao na chaki. Mi nilisoma miaka mibili tu, kisha bakanipa jembe. Basi alipopewa darasa hapa mujini Baraka, nilitangaza sokoni mpaka ndagala, vile visamaki vikavu, zikasikia.

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikuwa tumetoka kujificha porini upande wa Kilembwe, na batoto ba vijiji vingi balijazana mu darasa lake. Mvua ikigonga mabati, yeye anapaza sauti. Mvua ikinyamaza, batoto banapiga kelele, anapaza tena. Ikafika siku alifungua kinywa, ikatoka sauti ya mulango wenye kutu. Direkteri wa shule akamuambia: "Nakungojea mpaka Pasaka. Darasa bila sauti si darasa. Nitatafuta mwingine."

Mi nikajifanya munganga. Porini tulizoea kunong'ona. Hata mutoto wa kunyonya alijua. Nikamuambia, "Nong'ona kama tulivyofanya kule, sauti itapumzika." Akanong'ona wiki tatu. Ukabaki upepo tu.

Hospitali, munganga wa kweli alimuingiza kioo kidogo mu koo. Akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu vibili, kimoja huku, kimoja kule. "Ni kama sugu za mukono wako, mama, zile za jembe." Kisha akatutuma kwa muuguzi mumoja, mama munene wa kucheka, aliyejifunza kufundisha sauti upya.

"Nyumbani anaongea namna gani?"

"Ananong'ona," nikajibu, kifua mbele. "Mi ndiye nilimufundisha."

"We koko, nyanya muzima! Kunong'ona kunakamua nyuzi zilezile. Unataka kumumaliza mutoto?"

Nilinuna kwanza. Haya ilikuja nyuma.

Dawa yake haikuwa ya kumeza. Unakata bua la jani la papai, lile lenye tundu, unalichovya mu kikombe cha maji, unapuliza huku unatoa "uuu", na maji yanatokota bila moto. Mara tano kwa siku. Kisha "mmm", midomo imefungwa, mpaka pua iwashe. Kunywa maji. Hapana kupiga kelele, hapana kukwaruza koo. Na hapana kumuitikia muntu aliye mbali.

Hapo ndipo nilishindwa mimi. Kwetu, mukubwa akiita, mutoto anaitika palepale, kwa sauti, hata akiwa ziwani. Akinyamaza, amekutukana. Siku moja nilimuita toka jikoni: kimya. Nikaita tena kwa hasira. Nikageuka, nikamukuta amesimama mulangoni, kikombe mukononi, machozi yanamutoka.

"Koko, ukinitaka, ukuje unitafute. Nakuomba."

Mimi? Na magoti haya? Nilienda. Siku zote nilivuka uwanja kumuuliza tu kama anataka mboga ya lenga-lenga ama ya sombe. Jirani yangu akapiga makofi: "Ebu muone! Mukubwa anamufuata mutoto! Dunia imepinduka!"

"Iache ipinduke," nikamujibu. "Wako ana darasa?"

Wiki ya Pasaka direkteri alikuja kusimama nyuma ya darasa. Mi nilijibanza inje, kwenye dirisha lisilo na mbao. Mujukuu akapiga makofi mabili, namna alibazoeza batoto, na bote bakanyamaza. Akaanza kuongea, chini-chini, sauti ikitokea mbele ya uso, laini kama mafuta ya mawese yenye moto. Alisema kitu cha kuchekesha, na benchi ya mwisho ndiyo ilicheka kwanza. Mi, na masikio yangu ya uzee, sikukosa neno.

Direkteri akavaa kofia yake. "Mwalimu, endelea na darasa lako."

Nikasahau yote. Nikapiga kigelegele hapo dirishani mpaka batoto bakaruka. Mujukuu wangu hakuniita. Alitembea polepole mpaka dirishani, akaniwekea kidole mudomoni.

"Koko, taratibu. Utaota sugu."