Maharagwe ya Mwanamke Mwingine

Shangazi yangu amewapikia wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na mitatu. Watu mia tatu na ushee, zamu mbili, masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Kiwandani wanamwita Bi Kionjo, kwa sababu hakuna chakula kinachotoka jikoni kwake kabla hajachota kijiko, akakipuliza, akaonja, akaguna. Hata akija kwetu, salamu haijaisha ameshafunua sufuria ya mama. Mama husema wifi yake huyo hata msibani ataonja kwanza ndipo alie.

Mumewe alikuwa mtu wa idara ya maji. Kabla ya kustaafu alizunguka mtaa kwa mtaa akisoma mita, akiinama kwenye vishimo na daftari lake, na ndiyo maana sote, wadogo kwa wakubwa, tunamwita Bwana Mita. Si mkali wala si mlevi, ila maneno anayatoa kama dawa ya macho: tone moja, basi. Amekula chakula cha shangazi miaka ishirini na sita, na sifa yake ilikuwa neno moja tu. Akishasukuma sahani mbele, anasema, "Kimeiva." Shangazi alizoea. Wapo wanaume, alituambia, ambao hata hilo hawasemi.

Mwaka jana binti yao mkubwa, muuguzi, aliwaambia, "Nendeni mkapumzike. Tangu nizaliwe sijawaona mkisafiri bila msiba au harusi." Akawalipia chumba siku nne katika mji mkubwa, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Kulikuwa na kitanda, kabati na dirisha la kutazamia barabara. Jiko hakuna. Shangazi alizunguka chumbani kama mtu aliyepoteza miwani.

"Sasa tutakula wapi?"

"Wanapokula wenzetu," Bwana Mita akasema, akavaa viatu.

Mgahawa wa kwanza ulikuwa karibu na kituo cha mafuta, na shangazi aliupenda sana, kwa sababu ulikuwa mbovu. Chai ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Wali ulishikana. Alionja, akaguna, akamweleza mumewe kosa la kila kitu, mpaka Bwana Mita akamaliza sahani na kusema, "Kimeiva." Shangazi akacheka. Siku hiyo walitembea madukani wameshikana mikono kama wachumba.

Balaa lilianza kesho yake mchana. Waliingia mgahawa mwembamba kama korido, meza sita, vitambaa vya plastiki vyenye maua yaliyofutika kwa kusuguliwa. Mwisho wa chumba palikuwa na dirisha la jikoni, na nyuma yake mwanamke mnene aliyefunga kilemba cha kijani, jasho likimtiririka. Wakaagiza maharagwe na mkate, kwa kuwa ndicho kilichokuwa tayari.

Bwana Mita alichovya mkate, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akafumba macho. Kisha akafanya jambo ambalo shangazi hakuwahi kuliona: aliinuka na bakuli lake, akaenda mpaka pale dirishani, akasema kwa sauti ambayo meza zote sita zilisikia:

"Dada, mkono wako una baraka. Sijawahi kula maharagwe ya namna hii. Niongezee."

Kijiko cha shangazi kilisimama njiani.

Aliniambia baadaye, "Angekuwa kisura, ningejua la kufanya. Ningevaa lile gauni langu la bluu, mambo yakaisha. Lakini mwanamke ni wa rika langu, miguu imevimba kama yangu. Mume wangu hakumtazama hata usoni. Alikuwa anatazama bakuli! Sasa bakuli nishindane nalo vipi?"

Mchana ule hakuonja kitu zaidi ya kijiko kimoja. Kijiko hicho ndicho kilichomuua, maana maharagwe yalikuwa matamu kweli, na ndani yake kulikuwa na ladha moja ambayo yeye, Bi Kionjo, hakuweza kuitaja.

Siku ya tatu Bwana Mita aliamka anauliza, "Leo tunaenda kwa yule dada?" Shangazi akasema mji una migahawa mingi, kwa nini wajifunge mahali pamoja kama mbuzi. Akampeleka kwenye supu mtaa wa nyuma. "Kimeiva." Akampeleka kwenye samaki, karibu na stendi. "Kimeiva." Kila "kimeiva" ilimchoma sasa, kwa sababu alishajua mtu huyu ana maneno mengine, ameyaficha mahali. Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, alisema kichwa kinamuuma, alale. Alitegemea mumewe atakaa naye. Bwana Mita alimfunika shuka vizuri, akaenda peke yake.

Alirudi masharubu yanang'aa, ameshika kibakuli chenye mfuniko.

"Nimekuletea. Yule dada amekupa pole."

"Pole ya nini? Ananijua?"

"Nimemwambia mke wangu anaumwa kichwa."

"Kwa hiyo mmeshafika kwenye kichwa changu."

Bwana Mita hakuelewa, akaenda kuoga. Maji yalipoanza kumwagika, shangazi alikaa dirishani na kibakuli mapajani. Alikula polepole akitafuta. Kitunguu, ndiyo. Nyanya, ndiyo. Kitunguu saumu kidogo. Na kile kingine? Alichota tena, akaacha kijiko juu ya ulimi, akavuta hewa puani. Mumewe alipotoka bafuni, kibakuli kilikuwa cheupe, na shangazi alikuwa amejifunika tena akilia kimyakimya kwa hasira. Miaka ishirini na mitatu jikoni, na maharagwe yanamshinda.

Asubuhi ya mwisho alimwambia mumewe anakwenda kumtafutia binti yao kitambaa. Bwana Mita akabaki na redio. Shangazi akaenda moja kwa moja kwenye ile korido ya meza sita, akachagua kiti kinachotazama jikoni, akaagiza chai. Mgahawa ulikuwa mtupu bado. Hakuwa amekunywa nusu kikombe mwanamke wa kilemba alipotokeza kichwa dirishani.

"Wewe ni mpishi."

"Nani kakwambia?"

"Wateja wanaangalia sahani. Wewe juzi uliangalia moto wangu, na leo tena. Njoo ndani, utaniumiza shingo."

Aibu ilimshika, lakini miguu ilikwishainuka. Jiko lilikuwa dogo kuliko stoo ya kantini yake. Majiko mawili ya gesi, rafu moja, gunia la vitunguu. Alipekua kwa macho kama askari. Hakukuwa na chupa ya siri wala karatasi ya unga wa ajabu.

"Unatia nini?" akauliza, hakuzunguka.

Mpishi akamsogezea kikaango. "Vitunguu. Lakini naviacha mpaka vinataka kuungua. Wengine wanaogopa, wanatoa mapema. Halafu maharagwe yanalala siku nzima na huo mchuzi. Basi."

Shangazi akaonja ukoko wa vitunguu ule mweusi, mchungu kwa mbali, na akaijua ile ladha. Vitunguu karibu viungue! Kitu ambacho kantini angemfokea mtu kwa kukifanya. Hapo wivu ulizidi badala ya kupungua. Mwanamke huyu ana siku nzima ya kusubiri sufuria moja, yeye ana foleni ya watu mia tatu inagonga masahani.

"Mume wangu anakusifu sana," akasema, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

"Yule mzee mwenye mashati ya mikono mirefu? Ndiye wako?"

"Ndiye. Mimi hajawahi kunisifu."

Mpishi alimtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia kreti la soda. Akapangusa macho kwa aproni, akamshika shangazi bega na kumgeuza aangalie mlangoni, ng'ambo ya barabara. Kule kulikuwa na mgahawa mwingine, meza nne zimetolewa nje, na kwenye meza moja mwanamume mwenye kofia alikuwa akila mayai.

"Unamwona yule wa kofia? Ndiye mume wangu. Miaka kumi na minane, kila asubuhi anavuka barabara anaenda kula kwa jirani. Anasema yule jamaa anajua mayai."

"Na wewe unakubali?"

"Nikubali, nisikubali, anavuka." Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Mji mzima unakula kwangu, dada. Yeye anakula pale, mbele ya macho yangu, na anasifu kwa sauti ili nisikie. Nimeshamtuma mtu akayaonje hayo mayai, akarudi ananiambia mazuri. Hajui kitu. Wewe una ulimi. Nenda ukaonje, uniambie ukweli."

Shangazi akavuka barabara. Hakuna aliyemlazimisha. Alikaa meza iliyo karibu na yule wa kofia, akaagiza mayai. Yalikuwa mayai mazuri, laini, yametolewa motoni kwa wakati wake. Akamgeukia jirani yake.

"Kaka, samahani. Wanasema pale ng'ambo kunapikwa vizuri. Mbona hukai kule?"

Mwanamume akatabasamu. "Pale ni kwa mke wangu. Anapika kuliko huyu, usimwambie mtu. Lakini nikikaa tu, ananiambia inuka ubadilishe mtungi wa gesi, inuka umenye viazi. Hapa mtu ananiuliza, kaka, nikuletee nini? Mimi nataka kuulizwa tu, dada yangu."

Shangazi alikumbuka jinsi anavyomwekea Bwana Mita sahani, yeye amesimama, kanga kiunoni, akiuliza: bomba la uani linavuja, umempigia simu fundi? Hakuwahi kukaa naye mezani. Yeye hushiba kwa kuonja, kisha hukaa kitandani akinyoosha miguu wakati mumewe anakula peke yake na ukuta. Kwenye mji huu, kwa siku hizi nne, ndiyo mara ya kwanza alimwona akitafuna.

Aliporudi, mpishi alikuwa amesimama mlangoni kama anayesubiri majibu ya hospitali.

"Vipi?"

"Chumvi imezidi," shangazi akasema.

Mpishi alimkazia macho. Alijua. Lakini alipumua, akasema, "Nilijua tu," na akamfungia vitunguu vitatu kwenye gazeti, zawadi ya safari.

Mchana ule shangazi ndiye aliyempeleka Bwana Mita kwenye maharagwe. Alimwacha ale mpaka nusu ya bakuli.

"Mume wangu, juzi ulimwambia yule mwanamke kwamba mkono wake una baraka."

"Ndiyo. Una baraka."

"Wangu je?"

Bwana Mita akaweka mkate chini. "Sasa mke wangu, nikusifie kama mpita njia? Yule simjui, kumsifu ni adabu. Wewe nikikwambia kimeiva, nimemaliza."

"Hujamaliza. Sema."

"Hapa?"

"Hapa hapa, watu wasikie."

Akatazama huku na huku, akakohoa. "Mkono wako una baraka."

"Hilo umeshamgawia mwenzangu. Tafuta langu."

Mtu wa meza ya pili aliacha kula ili asikie vizuri. Bwana Mita akaanza kusema, akitazama bakuli, habari za mwaka wao wa kwanza wa ndoa, mbwa wa nyumba ya kona alipomng'ata mguu akisoma mita. Shangazi alimpikia supu ya boga. Alisema alikula ile supu na mguu ukaacha kuuma, na kwamba kazini akiinama kwenye kishimo chenye maji machafu, kwa miaka yote, aliwaza supu ile ili asisikie harufu.

"Mbona hukusema siku ile?" shangazi akauliza, macho yamemjaa.

"Mdomo ulikuwa umejaa."

Mtu wa meza ya pili akapiga makofi. Shangazi akampiga mumewe begani na kijiko, akala mkate wake.

Siku hizi Jumapili shangazi huketi mezani na sahani yake mwenyewe, ingawa huinuka mara tatu, na Bwana Mita amejifunza kusema maneno mawili matatu, mengine ya kulazimisha. Lakini msidhani wivu umekwisha. Binti yao ametaka kuwalipia tena mwaka huu. Bwana Mita amesema waende mji uleule, chumba kilekile. Shangazi amesema atakwenda mji wowote duniani isipokuwa huo, na kama ni huo, basi awe na jiko chumbani. Mpaka leo hawajapatana.