Chini ya Mstari Mwekundu

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa, sina sababu ya kuwaficha. Nilitoka Shinyanga, nikalala Geita, na asubuhi godoro langu likafungwa kwenye baiskeli ya kukodi hadi shule ya msingi niliyopangiwa, jirani na machimbo ya upande wa Rwamgasa. Mwalimu Mkuu, Msukuma mwembamba asiyecheka ovyo, alinisogezea daftari la mahudhurio. Kila mwalimu akifika aliandika jina, saa na sahihi. Kengele ikishagonga, Mwalimu Mkuu alichora mstari mwekundu. Aliyefika baadaye alisaini chini yake, na wote waliona.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mgeni," nilijitetea.

"Marahaba. Ugeni ni wa nyumbani. Hapa umeajiriwa. Saini chini."

Nilisaini nimenuna, nikamchukia mwezi mzima.

Lakini ugumu wa kituo kile haukuwa mstari. Ulikuwa duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo la dhahabu. Duara likitema dhahabu, walimu waliondoka. Mmoja aliacha mezani andalio la somo, yaani ule mpango wa kipindi unaoandikwa kabla ya kuingia darasani, akaenda kusimamia karasha la kusaga mawe. Mwingine akamfuata, na mwingine. Siwalaumu sana, ila watoto hawakuwa wamekosa lolote. Tukabaki watatu, nami nikabeba hisabati ya madarasa yote ya juu.

Hata mimi nilikuwa naomba kuondoka, nisijifanye mtakatifu. Mama yangu alikuwa peke yake Shinyanga mjini, macho yamefifia, na mtoto wake ni mimi tu. Miaka ikapita. Barua ya uhamisho ilipokuja, mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia, na ilinitaka niripoti kituo kipya, Shinyanga mjini, ndani ya wiki mbili.

Mwalimu Mkuu aliisoma, akavua miwani. "Ukienda, sina mwalimu wa hisabati. Ukibaki, mama yako ana haki ya kunilaani. Sikushauri kitu."

Nikaingia darasa la saba kuaga. Kabla sijafungua mdomo, Kabula, msichana wa dawati la mbele, akaniuliza, "Mwalimu, na wewe?"

Hilo "na wewe" lilinichoma. Kumbe walikuwa wakituhesabu. Nikageukia ubao na kuandika swali la sehemu huku machozi yakinitoka.

Kesho yake nilikwenda kwa Afisa Elimu kuomba nihame baada ya mtihani. Alicheka. "Uhamisho si kanga, mwalimu, uufungie kabatini usubiri sikukuu. Unakwenda au huendi?"

"Siendi," nikasema.

Kumwambia mama ndiko kulikonitisha zaidi. Nilimfuata Shinyanga, nikamweleza yote. "Basi kama huji, nakuja mimi," akasema. Akaja kweli, na kibao chake cha mbuzi, mahali ambapo nazi ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Aliishi nami pale hadi alipofariki, na majirani wakawa wanamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

Vijana huniuliza moyo wa kazi niliupata wapi. Sikuzaliwa nao. Nilikuwa na daftari lile, na watoto waliokuwa wakituhesabu.

Siku yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilichelewa tena. Njia nzima watu walinisimamisha kuniaga. Nilipoingia ofisini, kengele ya asubuhi ilishagonga zamani, lakini mstari haukuwa umechorwa. Mwalimu Mkuu wa sasa, Kabula yule yule, alikuwa ameishika kalamu nyekundu akinisubiri.

"Saini tu, mwalimu. Leo ni siku yako."

Nikamnyang'anya kalamu, nikachora mstari mwenyewe, nikasaini chini yake. Kabula akaitazama sahihi ile, midomo ikimcheza.

"Mwalimu, na wewe?"

Safari hii nilijibu. "Na mimi. Lakini kengele ya kutoka bado. Nipe chaki."