Oketch Mwana wa Absalom

Fundi baiskeli Dishon Amolo wa Mamboleo alikuwa na hasira za karibu, na waliomcheka kwa hasira hizo hawakuwa wamewahi kulala jela. Yeye alilala. Ujanani alimpiga mteja kwa spana, akafungwa, na alipotoka mkewe Seline alimwita kwa jina mara tatu pasipo kuitikiwa. Amolo alikuwa amezoea kuitwa namba. Hilo lilimchoma kuliko viboko na uji wenye wadudu: walimchukua mtu mzima, mwenye baba na ukoo, wakamrudisha nyumbani tarakimu.

Kwa hiyo mwaka wa 1971, jela moja nje ya Kisumu iliporuhusu muziki siku za Jumapili ili wafungwa watengenee, Amolo alifunga nyatiti yake ya nyuzi nane nyuma ya baiskeli, akaenda. Aliketi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, ile ya kugongea mdundo, akapiga kwa desturi ya kwao. Mwenye kutaka kujisifu huinua mkono na kuamuru nyatiti isimame, nyuzi zikanyamaza, naye akajitaja ni nani, mwana wa nani, kisha akamtunza mpigaji. Wafungwa hawakuwa na cha kutunza.

"Basi mnilipe kwa neno," Amolo aliwaambia. "Mtu aseme akitoka atafanya nini. Na usipofanya, mimi nitakufuata huko huko kwenu!"

Wakajitaja, mmoja baada ya mwingine, hata waliokuwa wakali wakaanza kulainika. Isipokuwa Oketch wa Ahero, aliyechoma nyumba ya kaka yake kwa ugomvi wa shamba la mpunga. Huyo aliinama tu.

"Akitoka bubu hivi," Amolo alimwambia Seline, "atawasha kiberiti tena."

Jumapili moja Oketch akainua mkono.

"Simamisha nyatiti! Mimi ni Oketch, wuod Absalom, niliye..."

Hakumaliza. Mkuu mpya wa jela, mgeni wa mbali, alisikia mfungwa akitoa amri na wenzake wote wakinyamaza kumtii. Akadhani ni maasi. Filimbi ikalia, askari wakamwangusha Oketch, na buti la mkuu likatoboa ngozi ya nyatiti na kuvunja mbao zake.

"Hapa hakuna majina!" alipaza sauti. Muziki ukapigwa marufuku siku hiyo hiyo.

Amolo alitoka na vipande vya mbao na pete yake, akitukana njia nzima. Kuuliza si ujinga! Hata mtoto anayechuma mboga Migosi angemweleza mkuu yule desturi ile. Lakini cheo kilikuwa kimemziba mtu masikio.

Kifungo cha Oketch kilipokwisha, Amolo alimngoja langoni, akampakia kwenye baiskeli, wakaenda Ahero bila maneno mengi. Nyumba iliyoungua ilikuwa bado majivu na nguzo nyeusi. Kaka mtu alikuwa akiishi katika kibanda pembeni.

"Ni nani hapo?" sauti iliuliza ndani.

Oketch alibana miguu, mikono ubavuni.

"Mia nne na saba, afande."

Damu ilimpanda Amolo kichwani. Alitamani kurudi jela ile na spana. Badala yake alitoa pete mfukoni, akaigonga kwenye chuma cha baiskeli kwa ghadhabu, mdundo ule ule wa Jumapili.

"Maliza, omera, ndugu! Mimi nimekuja kulipwa!"

Oketch alizidi kubana mikono ubavuni. Amolo akazidi kugonga mpaka kuku wakakimbia uani. Kisha mkono ukainuka, polepole, na chuma kikanyamaza.

"Mimi ni Oketch, wuod Absalom. Mimi ndiye niliyechoma nyumba ya ndugu yangu. Nitaijenga."

Mlango ukafunguka kidogo. Kaka mtu alimtazama toka miguuni hadi usoni.

"Basi jenga," akasema, akaufunga.

"Hata maji ya kunywa hutoi, bwana?" Amolo aliufokea mlango. "Wewe ni mtu wa namna gani?"

Alipogeuka kumwita Oketch waondoke, Oketch hakuwa nyuma yake. Alikuwa kwenye majivu, amekumbatia nguzo ya kwanza iliyoungua, anaing'oa.