Kitanda cha mapacha kitabebwa wapi?

Mnisamehe wasomaji, kisa hiki nitakisimulia vibaya, maana kinakataa kuchekesha.

Kwa seremala mmoja wa Masisi, mama aliyekimbia vita, mwenye mimba ya mapacha, alikuwa akipima kwa ngumi nafasi kati ya fito za kitanda cha watoto.

"Kichwa haiwezi kupita, Mama," fundi akamhakikishia. "Na bei ni ya huruma."

"Iko muzuri. Lakini vita ikirudi? Mutoto mumoja mugongoni, mwingine kifuani. Kitanda nitaibeba wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani iko sufuria."

Nikadakia kwa sauti ya jukwaani: "Sasa Papa ya watoto yeye atabeba nini?"

Akachomoa ngumi taratibu. "Papa yao tulimuzika Kashuga," akanijibu, akaondoka bila kitanda.

Mimi nilisomea uchekeshaji. Siku walipofundisha kunyamaza, sikuwa darasani.