Ramani Iliyokwama Kwenye CD

Ofisi ya maji ilikuwa na vyumba tisa, na cha tisa kilikuwa masjala. Ukitoka kwa meneja unapita chumba cha mita, unapita stoo ya mabomba, kisha korido inakata kona na kuwa nyembamba. Mwisho wake, ukitazamana na choo cha wafanyakazi, ndipo alipokaa mwanamke waliyemwita Mama Masjala, pamoja na mafaili yake elfu nne na ushee. Mtumishi aliyekosana na wakubwa alitishiwa kuhamishiwa huko. Yeye hakuhamishwa. Alipaomba mwenyewe.

Aliingia ofisi ile akiwa na miaka ishirini na miwili, ameishia darasa la saba, kazi yake kufagia na kupiga deki. Siku moja akifagia masjala alimkuta karani wa wakati ule, mtu mwenye macho mabovu, akipapasa rafu bila kupata anachotafuta. Akamsomea namba za mgongoni mwa mafaili. Toka siku hiyo fagio likawa linachelewa masjala kuliko chumba kingine chochote. Karani alipostaafu, hakuna aliyejua faili gani liko wapi isipokuwa mfagiaji. Akaomba kiti, wakampa kwa muda, "mpaka tupate mtu." Mtu hakupatikana kwa miaka ishirini na sita. Katikati ya miaka hiyo alisoma masomo ya jioni, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja na binti yake wa kwanza. Binti alipata daraja la pili, mama la tatu, na nyumbani walikubaliana wote kwamba la mama ndilo zito.

Kama alikuwa na ulevi, basi ulikuwa kuandika. Kila kilichoingia na kutoka kwenye chumba kile kiliingia daftarini, hata balbu iliyoungua. Wenzake walimcheka. Yeye aliwajibu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, akageuza ukurasa.

Mwaka uliotangulia kisa hiki, ofisi ilibadilisha mfumo wa kompyuta zote na kuweka Linux. Fundi wa kompyuta alikuwa mtu mpole, anayeongea huku akitazama kibodi. Kila alipoingia chumba, wenyewe walitoka kwenda kunywa chai, lakini Mama Masjala alivuta kiti akakaa ubavuni pake.

"Hilo uliloandika hapo, lina kazi gani?"

Fundi hakuzoea kuulizwa. Akaeleza, mama akaandika. Alipotoa kifaa, mama aliandika. Alipokosea na kurudia, mama aliandika pia. Kufikia ziara ya sita, daftari la kompyuta lilikuwa na kurasa thelathini, na fundi alikuwa anakuja masjala kwanza kabla ya kwa meneja.

Sasa, Jumanne moja asubuhi, bomba kuu lilipasuka karibu na zahanati. Maji yaliinua lami kama kifuniko cha sufuria. Ili kuyafunga pale tu, bila kukausha mji mzima, ilihitajika vali, ile koki kubwa iliyofukiwa ardhini, na hakuna aliyejua ilifukiwa wapi. Injinia alikuwa na miezi mitano tu kazini. Alichimbisha shimo la kwanza, wakakuta udongo. Shimo la pili, udongo na kiatu. Jumatano asubuhi ikabidi pampu kuu izimwe, na mji wote ukakauka.

Mdogo wake Mama Masjala alikuwa mkunga kwenye zahanati ile ile. Akapiga simu.

"Dada, nina wajawazito watatu wa leo, na madumu mawili ya maji. Huko kwenu mnafanya nini?"

"Wanachimba."

"Wanachimba nini, dhahabu?"

Mama Masjala alikata simu, akaenda moja kwa moja kwa meneja. Injinia alikuwa amesimama pale na matope mpaka magotini, wanajadili shimo la tatu.

"Vali hiyo Mzee Michoro aliipima," mama alisema. "Zote alizipima."

Mzee Michoro alikuwa mchora ramani wa ofisi, marehemu tangu miaka minne iliyopita. Kwa miaka mitatu alizunguka mji na futi ya kupimia, vali moja baada ya nyingine, akachora kila moja ilipo. Nakala za karatasi ziliozeshwa na paa lililovuja. Zilizobaki zilikuwa kwenye CD arobaini na tatu alizozikabidhi masjala kwa mkono wake mwenyewe.

"Mbona hukusema jana?" meneja aliuliza.

"Jana nilileta karatasi, meneja. Iko hapo chini ya kikombe."

Meneja aliinua kikombe. Karatasi ilikuwepo, ina duara la chai katikati.

Kompyuta mpya za ofisi hazikuwa na tundu la CD. Iliyokuwa nalo ni moja tu, ile kongwe ya masjala. Wakajipanga koridoni, meneja, injinia na fundi bomba mmoja mnene aliyeshindwa kuingia akabaki mlangoni. Mama alitoa CD ya mtaa wa zahanati kwenye bahasha yake, akaisukuma tunduni. Ndani kukanguruma, taa ikakonyeza, kisha kimya. Kwenye kioo hakuna kilichotokea.

"CD imekufa," injinia alisema. "Hivi vitu havidumu. Turudi tukachimbe."

"Subiri kidogo, baba."

Aliitoa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na mkwaruzo. Akaweka nyingine ya Mzee Michoro. Mngurumo, taa, kimya. Akairudisha ile ya kwanza.

"Zote mbili haziwezi kufa saa moja," alisema. "Tatizo si mgonjwa. Tatizo liko mapokezi."

Fundi wa kompyuta alipigiwa, simu ikawa imezimwa. Alikuwa safarini. Basi Mama Masjala akafungua kabati la chuma na kutoa bahasha yenye lakiri, ambayo fundi aliiacha kwa ajili ya siku kama hii. Ndani mlikuwa na neno la siri linalompa mtu mamlaka yote juu ya mashine.

"Naomba idhini ya kuifungua, meneja."

"Unajua unachokwenda kufanya?"

"Najua nitakapoanzia."

"Na ukiharibu?"

"Sigusi kitu kabla sijakinakili. Nikiharibu, narudisha cha zamani."

Meneja alimtazama, akatazama matope ya injinia, akatia saini juu ya bahasha.

Kwenye Linux, kuingiza diski tunduni ni nusu ya kazi. Mfumo lazima uiunganishe na folda fulani ndipo mtu aone kilichomo, na kazi hiyo mafundi wanaiita kumaunti. Liko faili dogo ambamo kila diski imeandikiwa mstari wake: inatoka kwenye kifaa gani, iunganishwe folda ipi, na ni ya aina gani. Hayo yote yalikuwa ukurasa wa kumi na moja wa daftari. Mama alivaa miwani, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika kwa vidole viwili amri ya kumaunti CD. Mashine ikajibu kwa mstari mmoja.

"Inasema nini?" aliuliza meneja.

"Inasema kifaa kiitwacho sr1 hakipo."

"Si nilisema," injinia alidakia. "Kisoma CD chenyewe kibovu."

"Kibovu kingewasha taa?" Mama aligeuza ukurasa, akaandika amri nyingine, ile inayoorodhesha vifaa vyote ambavyo mashine inaviona. Orodha ikashuka. Akaifuata kwa ncha ya kalamu mpaka mstari wa mwisho. "Kisoma CD huyu hapa. Lakini anaitwa sr0, si sr1."

Mama alifunua kurasa nyuma, moja, mbili, nne, kisha akaweka kidole. Kwa mwandiko wake mwenyewe palisomeka: *Fundi ametoa kisoma CD cha juu, kimeungua. Kimebaki cha chini.*

"Vilikuwa viwili," alisema polepole, kwa kuwa alikuwa anafikiri kwa sauti. "Mashine inaanza kuhesabu na sifuri. Cha juu kilikuwa sifuri, cha chini moja. Cha juu kikaondolewa, cha chini kikapanda kikawa sifuri. Lakini kwenye faili bado wanakiita kwa jina la zamani."

"Yaani kilipandishwa cheo na masjala haikupewa barua," meneja alisema.

"Hutokea, meneja."

Fundi bomba mlangoni alicheka mpaka mlango ukatikisika.

Mama alinakili lile faili, nakala akaiita "zamani". Kisha akafungua lenyewe, akafuta moja, akaandika sifuri, akahifadhi. Akarudia amri ya kumaunti. Kisoma CD kikanguruma, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na watu wote wakasogeza shingo. Mashine ikajibu tena kwa maneno, marefu kuliko ya kwanza.

Injinia aliyasoma yeye. Alikuwa amekwishainama begani kwa mama bila kujijua. "Aina ya mpangilio siyo, au diski ina hitilafu." Akanyanyuka. "Basi ndiyo hivyo. Ina hitilafu."

"Imesema *au*, baba. Tuanze na la kwanza." Alilamba kidole, akageuza ukurasa. "Tuiulize diski yenyewe ni ya aina gani. Iliyokufa haitajibu."

Aliuliza. Diski ikajibu kwa herufi tatu, udf. Akafungua faili na kutazama mstari ule ule. Pale pa kuandika aina, paliandikwa jina lingine kabisa, aina ya CD za zamani zaidi. Mzee Michoro alikuwa ameziandika zake kwa mpangilio mpya kuliko ule ambao mashine iliambiwa iutegemee.

Hapo daftari lilikuwa limefika mwisho. Akifuta aina ya zamani, CD nyingine za ofisi zingekataa, na fundi hakuwahi kufundisha njia ya kuweka zote mbili. Mama alikaa akitazama kioo, na mikono yake, iliyokuwa imetulia muda wote, ikashika ukingo wa meza. Simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa zahanati. Hakupokea. Akaandika amri moja iliyokuwa ukurasa wa kwanza kabisa, ile ya kuiomba mashine ionyeshe kitabu chake cha maelekezo. Kikafunguka, maandishi madogo madogo ya Kiingereza, kurasa kwa kurasa.

Injinia alivuta ndoo ya karatasi, akaipindua, akaikalia kando yake. "Shusha taratibu, mama. Tusome wote."

Wakasoma. Mama alisoma kwa midomo, injinia kwa kidole. Wakapita mahali, mama akasema rudi, wakarudi.

"Hapa," mama alisema. "Unaweza kutaja aina zaidi ya moja."

"Unatenganisha na mkato," injinia alisema. "Inajaribu ya kwanza, ikikataa inajaribu ya pili."

Mama aliandika aina zote mbili na mkato katikati. Akahifadhi. Akarudia amri, akabonyeza.

Safari hii mashine haikujibu neno. Injinia alishusha pumzi kwa huzuni, lakini Mama Masjala alitabasamu, kwa sababu ukurasa wa pili wa daftari lake ulisema: *Linux ikinyamaza, imekubali.* Akafungua folda. Michoro mia moja na kumi na minane ilijipanga kwenye kioo, kila mmoja na namba ya vali na jina la mtaa.

Vali ya zahanati ilikuwa namba kumi na nne. Mzee Michoro alikuwa ameandika: mita sita na sentimita arobaini kutoka kona ya ukuta wa zahanati, kina mita moja na robo.

"Kona ya ukuta," injinia alinong'ona. "Sisi tumekisia kutoka ukingo wa barabara. Na barabara ilipanuliwa."

"Barabara zinahama," mama alisema. "Ndiyo maana yeye alipima ukuta."

Walipochapisha mchoro, mama alianza kurudisha CD kwenye bahasha yake. Injinia alisimama mlangoni.

"Unakwenda wapi na hiyo, mama? Twende. Kaa kiti cha mbele cha gari."

Ndivyo Mama Masjala alivyofika kwenye eneo la kazi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alishika mwanzo wa futi kwenye kona ya ukuta, injinia akaivuta mpaka mita sita na sentimita arobaini, akachora msalaba kwa chaki. Fundi bomba akapiga sururu. Walichimba nusu saa. Kwenye mita moja na robo, au pungufu ya hapo kwa upana wa kiganja, sururu iligonga chuma, na sauti yake ikawafanya hata waliokuwa wamekaa kando wainuke. Wakapangusa udongo. Juu ya mfuniko palikuwa na namba kumi na nne.

Mafundi wawili waliizungusha kwa ufunguo mrefu wa chuma, wakigumia, mpaka ikafunga. Pampu kuu ikawashwa tena na mji ukapata maji wakati wao bado wanakata kipande kilichopasuka. Kufikia saa kumi alasiri kipya kilikuwa mahali pake, vali ikafunguliwa, na bomba la uani mwa zahanati likakohoa hewa, likatema tope, kisha likamwaga maji meupe.

Mkunga alitoka mlangoni na aproni yake, akakinga mikono, akanawa mpaka viwikoni kabla ya kusema lolote.

"Wawili wameshazaliwa," alimwambia dada yake. "Wa tatu alikuwa anawasubiri nyinyi. Nani aliiona hiyo vali?"

Injinia ndiye aliyejibu. "Huyu hapa. Aliiona akiwa amekaa kitini."

Alhamisi mama alifika kazini saa moja na nusu kama kawaida. Juu ya meza yake alikuta barua ya meneja: CD zote za marehemu zinakiliwe kwenye kompyuta kuu ya ofisi, na msimamizi wa kazi hiyo ni yeye. Aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaifungulia faili, akakaa. Akaingiza diski ya kwanza, akaandika amri, mashine ikanyamaza. Ya pili, ikanyamaza. Alifanya hivyo siku nzima, na kesho yake, akiimba chinichini. Ijumaa jioni alikuwa amefungua arobaini na moja. Mbili zilikataa katakata. Aliandika namba zake na kila neno ambalo mashine ilisema kuzihusu, akaziweka peke yake upande wa kushoto wa meza, mahali atakapoziona Jumatatu akiingia.