Usafi Ulioponza Makaburi ya Luzira

Umande bado haujakauka na Phelister Ayoo amepiga magoti kando ya mtaro, mikono yote miwili ndani ya udongo. Anachambua. Kokoto anatupa huku, mizizi anatupa huku. Kilicho cheupe anakiweka juu ya khanga aliyoitandaza kulia kwake, taratibu, kama anayepanga mayai.

Nyuma yake limesimama tingatinga la manjano. Mkono wake wa chuma umening'inia hewani tangu Jumatatu, pale dereva wake, Opoka, alipozima injini, akashuka na kukataa kupanda tena.

Juu ya khanga, kando ya mifupa, kuna vifungo vitatu vikubwa vya plastiki. Phelister anavijua. Vilikuwa vya gauni la Moreen, mpishi wa kantini ya bandarini, shoga yake wa miaka mingi. Alipofariki, Phelister ndiye aliyemvalisha kule chumba cha maiti.

"Nilivifunga kwa mkono huu," anasema bila kuinua macho. "Leo naviokota kwa mkono huu huu. Sasa mimi nitamwambia Moreen nini?"

Hapa ni Luzira, kwenye mteremko ulio juu ya barabara ya Port Bell, mahali ambapo wenyeji wanapaita Kwa Wakenya. Walizikwa hapa watu waliovuka mpaka kuja kutafuta riziki: wapakiaji wa bandarini, wapishi, mafundi, wauza samaki, watu ambao jamaa zao hawakuwa na uwezo wa kuwasafirisha wakiwa maiti. Ni miaka mingi sasa hajazikwa mtu. Lango liliibwa zamani, na mlinzi alistaafu bila kupata wa kumrithi. Jirani tu hapo kuna gereza kubwa ambako watu huhesabiwa asubuhi na jioni. Hawa wa mteremkoni hakuna aliyewahesabu.

Phelister, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, alizaliwa Alego na kuolewa Ugenya, huko Kenya. Alikuja Kampala na mumewe, Odera, aliyekuwa akifunga mabehewa ya treni kwenye meli za Port Bell. Odera aliugua kifua akafa. Gari la kubeba maiti hadi ng'ambo ya Busia lilikuwa ndoto, basi akazikwa hapa, hatua chache kutoka alipolazwa Moreen baadaye.

Alianza kwa kufyeka kaburi la mumewe. Jirani akamwomba afyeke na la ndugu yake, na mwingine naye akaomba, hadi ikawa kazi. Hana mwajiri. Familia humtumia chochote wakati wa Pasaka na Krismasi. Anayejitahidi sana hutuma shilingi elfu ishirini, wengine hutuma maombi. Mchana hushuka mwaloni, ufukoni panapotia nanga mitumbwi ya wavuvi, kuuza mukene, wale dagaa wa ziwani, na huko ndiko ugali wake unakotoka.

Ili uelewe kilichotokea, msomaji, inabidi ujue desturi moja. Kwa watu wa ukoo wa Odera na majirani zao wengi waliozikwa hapa, mtu aliyezikwa ugenini hajafika. Siku jamaa wakipata nauli huja na mzee mmoja, akamwita marehemu kwa jina lake juu ya kaburi. Huchota udongo wa upande wa kichwa, wakaufunga kwenye kitambaa na kumwambia: twende nyumbani. Udongo huo huenda kuzikwa bomani kwao, na msalaba nao hung'olewa ukasafiri pamoja na mwenyewe. Kuanzia hapo, kwa jinsi wanavyoamini, mifupa imebaki Kampala lakini mtu ameshafika kwao.

Na kaburi la aliyekwenda haliachwi na tuta. Tuta ni mlango, anaeleza Phelister, na mlango ukiachwa wazi, mwingine wa nyumba ile ataitwa aingie. Kwa hiyo kila familia ilipoondoka na kitambaa chake, kazi ya Phelister ilikuwa ni kusawazisha. Alishindilia udongo, akapanda nyasi za pasipalamu, akazimwagilia maji ya kubeba kichwani mpaka zikashikana. Ndivyo alivyofanya kwa Moreen. Kwa Odera alifanya vivyo hivyo, shemeji yake Oketch alipokuja kumchukua.

Akapatunza hasa. Upande ule wa mteremko ukawa kijani kibichi, hauna kisiki wala karatasi. Ulipendeza kiasi kwamba maharusi walianza kuja Jumamosi kupiga picha. Phelister hakuwafukuza. Anakiri kwamba alijisikia fahari, na ni nani asiyejivunia kazi yake ikisifiwa?

Upande wa pili, kwa wale wasio na wa kuwaulizia, misalaba ililala, vichaka vikafunika, nyoka wakahamia. Huko hakuwa na ruhusa ya mtu yeyote, na kaburi la mwenzio huligusi bila ruhusa.

Mwaka jana wakaja wapima ardhi. Kulikuwa na mpango wa kuyaweka makaburi yote yaliyotelekezwa chini ya kanuni, yajulikane mipaka, yawekewe ua, yasiguswe. Mpango mzuri, nani angeupinga? Walifika na fito zao, wakaona misalaba kwenye vichaka, wakaandika kwamba haya ni makaburi. Wakageukia kwenye pasipalamu, wakaandika kwamba huu ni uwanja wazi.

Phelister alikuwepo, akikata nyasi. Aliwapa maji ya kunywa. Wakamsifu kwa bustani.

"Nilifikiri wanatupimia ua," anasema. "Sikuwaambia chini kuna watu. Nani anakwenda makaburini halafu anaambiwa kuna watu?"

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Makaburi yaliyoachwa kwa nyoka leo yana waya wa kuyazunguka na sheria inayoyalinda. Yaliyofagiliwa kila wiki amepewa mtu ajenge ghala. Tangazo la kuwaita wenye pingamizi lilibandikwa, naam, kwenye mti ulio katikati ya vichaka, mahali ambapo mbuzi tu ndio hupita. Kufikia siku mwandishi alipoliona, mbuzi walikuwa wamekwisha kula nusu yake. Nimeandika habari nyingi za ardhi katika mji huu na nilidhani nimezoea. Hii imenitoa jasho.

Jumatatu Opoka alifika kuchimba msingi. Yeye ni mtoto wa askari, amekulia kambini, na si mtu wa kutetemeka ovyo. Alikuwa ameambiwa kwamba hapa ni nyasi tupu. Mara ya tatu alipozamisha jino la chuma, likapanda na kipande cha ubao na kitambaa cha bluu.

"Mimi naona nguo, nasema labda ni takataka," anasimulia Opoka. "Halafu naona kichwa ya mtu. Nikazima mashine. Mama huyu akakuja anakimbia na fyekeo yake mukononi, hapigi kelele, anaangalia tu. Afadhali angenitukana."

Kitu cha kwanza kilichomjia Phelister akilini ni kwamba aliyemponza Moreen ni yeye. Angeacha magugu yaote, Moreen angekuwa amelala.

Polisi walikuja, kazi ikasimamishwa, na jiji likamtuma Ojera, afisa wa afya anayeshughulikia maziko. Ni kijana mtaratibu, naye mtoto wa kambi, na Kiswahili chake ni cha kambini. Alitembea juu ya nyasi akiwa amevua kofia. Alisema mabaki ya Moreen yatazikwa upya kwa heshima, hilo halina ubishi. Kuhusu wengine, alitazama pale pasipalamu akashusha pumzi.

"Mama Okinyi, sheria haijui roho ilienda wapi," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Sheria inajua kaburi yenye macho inaona. Mukiweka alama, Ijumaa nikirudi naandika hii ni makaburi, na hakuna mutu atagusa. Kama hakuna alama, mimi nitaandika nini?"

Njia nyingine, alieleza, ni kufukua eneo lote ili kuthibitisha, na hapo tutakuwa tumewafanyia wafu lile lile tulilotaka kulizuia.

Alama, basi, na kwa kaburi lisilo na msalaba alama ni tuta. Phelister alishika simu, akazipigia familia moja baada ya nyingine. Waliopokea walishtuka, wengine walilia, lakini alipotaja tuta wakakataa. Hakuna aliyetaka kumfungulia mlango mtu aliyekwisha kufika kwao.

Oketch, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba ya Odera sasa, alikuwa mkali. Alimuuliza amesikia wapi mtu akazikwa mara mbili. Tuta jipya huita maiti mpya, alisema, na katika nyumba ile wa kuitwa ni nani kama si Okinyi, mwana wa pekee wa Odera, aliyeoa juzi na mkewe ananyonyesha? Kisha akakata simu.

Wenye elimu yao watacheka. Phelister hacheki. Amekuwa na mwiko huo maisha yake yote. Ndio uliomshikisha jembe la kusawazisha tangu mwanzo. Usiku wa Jumanne na wa Jumatano, anasema, hakulala. Akiwaza tuta, anamwona Okinyi. Akiacha kuwaza tuta, anaona zege likimwagwa juu ya Odera, kwa maana mtaro umekomea karibu mno na alipolala.

"Si mtu wa kudharau mwiko mimi," anasema. "Lakini udongo tuliupeleka nyumbani. Mwili niliouosha, nilioupikia, uko hapa. Huo nao ni wa nani?"

Sasa ni Alhamisi. Anafunga khanga yenye mabaki ya Moreen kwa mafundo mawili na kumkabidhi msaidizi wa Ojera aliyekuja kuyachukua. Ananawa. Kisha anachukua jembe, anakwenda mpaka mahali alipomlaza mumewe, anasimama.

Kwanza anazungumza naye kwa lugha yao, sauti ya chini. Baadaye anamtafsiria mwandishi bila kusitasita: "Nimemwambia, Odera, ni mimi Ayoo niliyefungua. Kama kuna wa kuitwa, usimguse mtoto. Niite mimi."

Jembe linashuka, na nyasi alizozilea kwa maji ya kichwani zinang'oka kwa mabonge. Opoka anatazama kidogo, halafu anachukua toroli, anajaza udongo aliouchimba mwenyewe Jumatatu na kuusukuma mpaka pale.

Matumaini yake si makubwa. Anataka Ijumaa Ojera akute angalau tuta moja ambalo macho yanaliona, ili kalamu yake ipate pa kuanzia. Anaamini familia zikisikia kwamba mmoja amethubutu na hajafa, zitakuja, na atazifundisha mahali ambapo kila mtu amelala. Na anataka hiyo kanuni ibadilishwe kidogo tu: kabla ya mtu kusimika ufito wake, amuulize anayefagia.

Simu inaita ndani ya mfuko wa aproni. Ni Oketch. Phelister anaiacha iite mpaka inakatika, inaita tena, ndipo anapoipokea na kuiweka kwenye kipaza sauti kwa kuwa mikono imejaa matope.

Shemeji yake anauliza kama ameanza. Anajibu kwamba ameanza. Kwa mbali inasikika sauti ya ng'ombe wa Ugenya.

"Nyar Alego," anasema Oketch, akimwita binti wa Alego, kama anavyoitwa ukweni. "Odera alikuwa mtu mrefu. Usimfanyie tuta fupi."

Phelister anaipangusa simu, anairudisha mfukoni, na kumwomba Opoka toroli moja zaidi, ya upande wa miguu.