Antena Iliyotazama Olenguruone

Kogo alipokuja kukaa kwetu, nyumba ilianza kunuka moshi. Haukuwa moshi wa kupikia, kwa sababu Mama alipikia gesi. Ulikuwa umejificha ndani ya blanketi lake, ndani ya kitambaa alichojifunga kichwani, na zaidi ya yote ndani ya kibuyu cha maziwa alichokuja nacho kutoka Olenguruone. Huko kwao kibuyu husuguliwa ndani kwa makaa ya mti fulani kabla ya kutiwa maziwa, na harufu ile haitoki hata ukikiosha namna gani. Kila asubuhi Mama alifungua madirisha yote kabla ya kwenda kuuza nguo sokoni. Mimi nikitoka shule niliyafunga. Nilikuwa nimezoea kurudi kwenye nyumba isiyo na harufu ya mtu yeyote, ufunguo ukining'inia shingoni kwa uzi, na sasa kulikuwa na mtu ndani, na harufu yake ilinipokea mlangoni kabla yeye mwenyewe hajageuza kichwa.

Kogo ni jina ambalo Wakalenjin humwitia nyanya, na huyu alikuwa mama yake Baba. Alikuwa ameteleza kwenye matope akavunjika mkono, na kwa kuwa babu alikuwa ameshafariki na watoto wake wengine wako mbali, Baba alimleta Nakuru apone. Tulikaa katika ploti ya nyumba za mabati chini ya mlima Menengai. Mkono ulipona. Baba akataka abaki moja kwa moja, lakini Kogo kila jioni alikuwa akisema anarudi kwake. Shida yake haikuwa chakula wala kitanda. Shida ilikuwa kwamba hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mama ni Mluhya, Baba ni Mkalenjin, na nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kiswahili cha Kogo kilikuwa kidogo, cha sokoni, cha kuuliza bei na kukataa. Baba aliendesha lori la unga na alikuja nyumbani wikendi tu. Kwa hiyo mchana kutwa Kogo alinyamaza, na nikifika kutoka shule tulinyamaza pamoja. Mimi sikuwa msemaji hata katika lugha niliyoijua. Tuliketi kwenye kochi moja, tukitazama runinga ambayo hakuna aliyekuwa akiifuata.

Wakati huo tulikuwa na dishi. Lilikaa juu ya paa kama sufuria iliyoinamishwa ili ikauke, na lilileta stesheni nyingi sana: mipira, katuni, watu wa nchi za mbali wakipika vyakula ambavyo hatukuvijua. Lakini katika kifurushi tulichokuwa tukilipia hakukuwa na hata moja iliyozungumza Kikalenjin. Nilibonyeza rimoti kutoka mwanzo hadi mwisho, Kogo akitazama kila uso unaopita kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa wageni harusini. Mwishowe alinigusa mkono, maana yake nipumzike.

Ni dereva mwenzake Baba aliyemwambia kwamba zipo stesheni za Kikalenjin za bure, na kinachotakiwa ni antena tu. Jumamosi hiyo Baba akaamua kwamba dishi tutaachana nalo. Mama alinung'unika kwa sababu ya tamthilia zake, Baba akamjibu kwa sauti ya chini, akidhani sisikii: "Akipata kitu cha kumshika, atakaa. Asipopata, ataenda kuishi peke yake kule juu, aanguke tena, tupigiwe simu." Mimi niliwaza kitu kimoja tu. Niliwaza ufunguo ule na uzi wake.

Tulienda dukani mjini, mimi na Baba. Mama alikuwa ametuagiza tulete antena ile ndogo ya kuweka ndani, nyembamba kama kitabu, kwa sababu ni safi na haimpandishi mtu juu ya paa. Muuzaji, kijana aliyekuwa na bisibisi nyuma ya sikio, alituuliza tunakaa wapi na nyumba imeezekwa kwa nini. Tulipomwambia ni mabati na ukuta pia ni mabati, alicheka.

"Boss, hiyo ya ndani utaniletea kesho ukinitukana. Mko ndani ya debe nyinyi! Mawimbi yataingilia wapi? Chukua hii ya nje."

Alitushushia moja ndefu, yenye vijiti vilivyopangwa kama mifupa ya samaki. Runinga yetu haikuhitaji kisanduku kingine cha king'amuzi, alisema, tutachomeka waya moja kwa moja. Halafu akatupa maagizo ambayo niliyashika neno kwa neno: tuifunge juu kwenye paipu, vijiti vifupi vitangulie, na ielekee kule kilimani iliko milingoti ya matangazo. "Kama umepotea, angalia za majirani. Zinakoangalia, na yako iangalie hapo hapo."

Tuliporudi, Baba alipanda akalishusha dishi. Kogo alitoka nje akiwa na kigoda chake akakaa katikati ya uwanja kusimamia. Baba alifunga antena kwenye paipu na kuanza kuigeuza kuelekea kilimani, kama tulivyoelekezwa. Kogo akasimama, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni ili ploti nzima isikie.

"Wewe, unaelekeza wapi?"

"Kwa milingoti, Mama. Iko kule."

Kogo akageuka akanyoosha ule mkono uliopona, akaonyesha upande wa pili kabisa, ambako milima ya Mau, iliko Olenguruone, ilionekana kama mstari mweusi chini ya mawingu. "Watu ya kwetu iko huku. Utasikia wao aje, kama unawapea mgongo?"

Baba alijaribu kueleza. Alieleza kwa Kikalenjin, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa mikono. Majirani walikuwa wameacha kufua. Baba yangu ni mtu anayegombana na polisi wa barabarani bila woga, lakini sijawahi kumsikia akimpinga mama yake mbele za watu, na siku hiyo hakuanza. Alisema, "Sawa, Mama," akaizungusha antena ikatazama Olenguruone, akaikaza kwa spana.

Runinga haikuleta kitu. Ilitafuta, ikatafuta, ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Kogo akasema tungoje, pengine bado wako shambani.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Baba alirudi kazini, dishi lilikuwa limeegemezwa ukutani likikusanya maji ya mvua, na runinga ilikuwa kioo cheusi ambacho ndani yake tulijiona mimi na Kogo tumekaa. Mama alikuwa akiweka vikombe mezani kwa kishindo. Mama Shiku wa nyumba ya pili alisema kwa niaba yake, akianika nguo na kumwita kwa jina langu: "Mama Chebet, hiyo antena yenu imenuniana na nani? Za watu wote zinaangalia kule, yenu imegeuka kama mke aliyekosana na bwana!" Ploti nzima ilicheka. Mimi niliingia ndani. Nilijua anayechekwa ni nani, na niliogopa kwamba amesikia.

Alikuwa amesikia. Siku iliyofuata nilipotoka shule sikumkuta ndani, nikaenda moja kwa moja kuangalia kama kibuyu kipo. Kilikuwepo. Nilimpata nyuma ya ploti, kwenye mwinuko wa kutupa taka, amesimama akitazama mapaa ya mtaa. Kulikuwa na antena kila mahali, nyingine kwenye paipu, nyingine kwenye miti iliyopinda, na zote zilitazama upande mmoja. Nilisimama kando yake. Alizitazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta moja tu iliyo kama yetu.

"Hawa watu yote," alisema, "wametoka mahali. Na yote imepea kwao mgongo."

Nilimshika mkono, tukashuka.

Baba alipokuja Jumamosi, Kogo hakumngoja hata amalize chai. Alimwambia, "Geuza." Baba akapanda, mimi nikakaa dirishani, na tukaanza kupigiana kelele: "Sasa?" "Bado!" "Sasa?" "Bado!" hadi picha ilipokuja ghafla, safi, mwanamke aliyevaa koti la kijani akisoma habari. Alitusalimu kwa Kikalenjin. Kogo alimwitikia. Hakumwitikia kwa mzaha, alimwitikia kama mtu anayejibu salamu ya mwenzake njiani, kisha akakaa chini, akatengeneza kitambaa kichwani, akasikiliza.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyokuwa nimeishi. Kogo aliongea. Aliongea na runinga, na kwa kuwa nilikuwa pale, aliongea na mimi. Aliniambia huyu anasema ngano imeshikwa na kutu, huyu anaombea ndoa yake, huyu ni mwongo. Nilianza kushika maneno: maji, ng'ombe, njoo, kesho. Nilipokosea alinirudisha kama mtu anayerudisha ndama njiani, kwa kugusa tu. Hakusema tena kwamba anarudi. Uzi wa ufunguo niliutumia kufungia viatu.

Halafu alasiri moja runinga ilionyesha wakulima wa viazi wa upande wa Olenguruone. Hapakuwa na jambo kubwa. Lori lilikuwa limekwama kwenye matope, watu walikuwa wakilisukuma, na nyuma yao ukungu ulikuwa ukishuka juu ya ua wa miti. Kogo alisimama akasogea hadi karibu na kioo. Hakutazama lori. Alitazama udongo.

"Mvua imeshika," alisema. Na baadaye kidogo, peke yake, "Wanapanda."

Alifunga blanketi lake wiki hiyo hiyo. Baba alimsihi kwa lugha zote alizokuwa nazo, na mwisho akasema karibu kulia, "Mama, hii antena tuliweka kwa sababu yako."

"Najua," Kogo alisema. "Na imefanya kazi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nikiwa na sare ya shule, na neno la kumwambia abaki nililijua kwa Kikalenjin, nilikuwa nimejifunza. Halikutoka, na Kogo akaondoka na kibuyu chake.

Sikuendelea na masomo baada ya darasa la nane. Sasa nafungasha maua katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, na nimepanga chumba kimoja katika mtaa wa Karagita. Mtu hahitaji tena kupanda juu ya paa. Kila mtu ana simu, na katika safu yetu ya vyumba kila mlango una sauti yake, Kiluo hapa, Kikamba pale, mahubiri, mipira, na milango yote imefungwa. Nami wangu nimeufunga. Naweka habari za Kikalenjin wakati ninapopika, na sikosi neno. Zamani stesheni moja ilitutosha watu wawili, mmoja akiielewa na mwingine akimtazama anayeelewa. Leo naelewa kila kitu, na hakuna anayenitazama.

Desemba iliyopita nilipanda kwenda kumwona Kogo. Amezeeka, lakini nyumba yake haikai bila watu. Wanaingia bila kubisha, wanakunywa maziwa, wanatoka. Alinikalisha karibu naye, akaniuliza huko Karagita nakaa na nani. Nilimjibu kwa lugha yake, polepole, bila kukosea popote, kwamba nakaa na watu wengi na tunaongea sana. Alifurahi. Aliwaambia waliokuwepo wasikilize jinsi msichana huyu wa mjini anavyosema vizuri, na akaniomba niyarudie yale maneno mbele yao, nami nikayarudia.